Ampuli ya Zizini

Jumatatu, 9 Februari 1998

Asubuhi nimekoroga tena udongo mwekundu na mawese, nimempaka dume la kondoo kifuani. Akimpanda jike, alama inabaki mgongoni kwa jike. Ndiyo njia yetu ya kujua. Jioni nimepita nyuma ya majike yote kumi. Migongo mitupu. Hakuna hata tone.

Mwezi wa saba sasa tangu wafike na ndege kutoka Ulaya, wao na dume. Wakubwa, wanene, manyoya mazito ya kuwatesa hapa. Hawataki dume. Wanakula, wanalala, wanakula.

Edisa amempa dume jina: Bwana Harusi. Anasema maskini, kaoa mabibi kumi na wote wanampa kisogo. Nimecheka. Edisa mwenyewe hakucheka, yeye husema maneno ya kuchekesha na uso wa msibani.

Yeye ndiye mlishaji na mlinzi wa kituo chetu cha kondoo. Analala katika chumba kilichoshikana na zizi. Alikuwa na mume na watoto wanne, kwao mlimani Butare. Sasa ana chumba hiki. Watoto wa hawa wa Ulaya watagawiwa wajane, na jike wa kwanza ni wake, Chama cha Wajane walipiga kura wakakubaliana. Kamba ameshaisokota, ya mkonge, iko kwenye msumari nyuma ya mlango. Anasema anataka kitu kinachopumua ndani ya nyumba yake. Hataki kingine.

Alhamisi, 12 Februari

Mesiye Bernar, mkubwa wa Mradi uliotuletea kondoo, kafika na gari lake. Si mtu mbaya. Ana haraka tu, na haraka yake inanikera.

Kasema wazi: mwaka ukiisha bila mimba, kondoo wanauzwa. Bugarama, kwa Waislamu wa mashamba ya mpunga, maana wale wanakula kondoo. Huku kwetu mtu wa heshima hamgusi, hata akiwa na njaa. Kwa hiyo kondoo tasa hapa hana kazi, hata ya sufuria. Kituo kinafungwa. Wajane hawapati kitu. Mimi napoteza kazi, lakini mimi nitapata nyingine.

Nimemwonyesha Kibibi, jike letu la kienyeji, dogo kama mbuzi. Analala zizi hilo hilo, anakula majani hayo hayo. Bwana Harusi alimpanda Agosti na Januari kazaa. Kwa hiyo dume ni mzima. Shida iko kwenye damu ya hawa majike wa kigeni. Mesiye kanijibu kwamba kama iko kwenye damu, basi nitafute dawa, si nilisoma.

Nilisoma, ndiyo. Bukavu, mifugo, hadi diploma. Hapa wananiita Maman Dokta na mimi nawaacha. Nilizaliwa ng'ambo ya mto na wazazi waliokimbia kutoka huku, nikarudi juzi tu kwenye nchi ambayo nilikuwa naitazama kutoka dirishani. Nimemwomba Mesiye anitafutie sponji za homoni. Kaahidi.

Jumapili, 22 Februari

Nimepata. Kanisani, katikati ya mahubiri, ndipo nimepata. Nimejipiga paja kwa sauti. Maman aliyekaa pembeni yangu kanitazama kwa jicho la Sista Mkuu.

Niandike kabla haijanitoka. Kwao, hawa kondoo hutaka dume siku zinapofupika tu. Mimba inakaa miezi mitano, mtoto anazaliwa majani yakichipua. Hawajui kalenda, wala si baridi inayowaambia. Wanapima usiku. Jicho linaona giza, habari inafika kwenye tezi moja ndogo katikati ya ubongo, ndogo kama harage. Tezi inamwaga melatonini usiku kucha, na mwanga ukitokea inakoma. Usiku mrefu, melatonini nyingi, mwili unafungua mlango: mayai yanakomaa, jike anamtafuta dume. Usiku mfupi, mlango unafungwa. Hawafundishwi na mtu. Wanazaliwa nao.

Kibibi hana mlango huo. Bibi zake wameishi hapa ambapo usiku na mchana vinalingana mwaka mzima, damu yao ikaacha kuuliza. Ndiyo maana anazaa wakati wowote.

Nilikuwa najiuliza: usiku wa hapa nao si mfupi, mbona hata mwezi mmoja hawajafungua? Jibu liko ukutani, balbu ya nje. Ampuli. Kuanzia jua likizama hadi linapochomoza, inawaka juu ya vichwa vyao, na zizi ni mbao zenye nafasi ya mkono katikati. Hawajaona usiku tangu wafike. Kwao huu ni mchana wa kiangazi usiokwisha.

Furaha yangu imedumu hadi nilipofika nyumbani. Hapo nimekumbuka ampuli ni ya nani.

Jumatatu, 23 Februari

Kuna amri. Papa Damaseni, nyumbakumi wetu, alisema kila nyumba yenye stima iwashe taa ya nje, kwa ajili ya wale wanaovuka mto usiku na bunduki. Mbwa hatuna. Walipigwa risasi wote baada ya mauaji ya tisini na nne, na kila mtu anajua walikuwa wamezoea kula nini. Kondoo naye halii. Unamchinja anakutazama. Basi ampuli ndiyo mbwa wetu.

Lakini hayo ya nyumbakumi ningeyapanga. Shida ni Edisa. Mwaka ule alikaa juu ya dari ya jirani, gizani, wiki nyingi, akisikiliza. Aliniambia hilo tu na sikuuliza zaidi. Wenzake walipata kazi kwenye vinu vya mchele Bugarama, mshahara mzuri kuliko huu. Yeye alipita hapa njiani, akaona ampuli inawaka nje, akaingia kuomba kazi.

Nimempa wazo: tuzime ampuli, tukandike ukuta wa chumba chake mwanga usipenye, awashe katadowa yake ndani, kile kibatari cha kopo. Kakataa kwa upole, kama anamweleza mtoto.

"Maman, taa ya ndani inakuonyesha weye. Taa ya nje inakuonyesha bo, wenye kuja."

Nimeenda kupima chumvi ya kondoo.

Jumanne, 3 Machi

Shitingi. Mbona sikuliwaza mapema. Mashitingi ya plastiki ya wakimbizi yamejaa sokoni Kamembe. Tumefunika zizi lote kwa ndani. Ampuli inabaki kwa Edisa, giza linabaki kwa kondoo. Nimejiona mwerevu siku nzima.

Jumamosi, 14 Machi

Mwerevu wa bure.

Hewa haipiti. Manyoya yale, joto hili, mkojo, jasho la plastiki. Wanahema midomo wazi. Mmoja alianza kukohoa juzi, jana kamasi, leo asubuhi amekufa. Mapafu yamejaa maji. Nimempasua mwenyewe nione.

Hakuna aliyetaka nyama. Hata bure. Tumemzika nyuma ya mikaratusi, Edisa kachimba shimo peke yake na hakukubali nimpokee jembe. Nimekaa pembeni kama mgeni.

Nikarudi kuondoa shitingi nikakuta nusu yake imeshaondolewa. Imeibwa mchana kweupe, tukiwa mazikoni. Tumebaki na majike tisa na ukuta wenye matundu.

Alhamisi, 2 Aprili

Sponji zimefika. Sponji unaiweka ndani ya jike, inamdanganya mwili kwamba ana mimba. Ukiitoa, unapiga sindano, na sindano ndiyo inayoamsha mayai. Sponji bila sindano kwa jike aliyefunga mlango ni kazi bure.

Dawa ya sindano imesafiri kwenye sanduku lisilo na barafu, ndani ya buti la gari, siku mbili. Imekuwa maji ya vuguvugu. Nitaipiga hivyo hivyo. Najua imeharibika, nitapiga.

Aprili hii redio haizungumzi jambo lingine ila wafu wa mwaka ule. Edisa hasemi kabisa. Analisha, anafagia, anakaa mlangoni chini ya ampuli na kuitazama barabara.

Ijumaa, 17 Aprili

Sponji nilizitoa Jumanne, nikapiga sindano. Bwana Harusi kazunguka, kanusa, kaenda kulala. Migongo mitupu.

Nimechoka hadi kwenye mifupa. Nimemtukana dume matusi ya Kilingala niliyoyajua nyimboni.

Jumatatu, 20 Aprili

Nimemwambia Edisa ukweli wote. Tezi, giza, ampuli. Nimemchorea chini kwa kijiti. Nimemwambia ikizimwa, miezi miwili hivi tutajua. Nimemwambia anaweza kuja kulala kwangu, nitatafuta mwanamume wa kulinda.

Kuhusu mlinzi mwanamume kakataa papo hapo. Habari za wanaume wa mlima huu wajane wenzake wameshamsimulia. Anajua nani alikuwa wapi. Hataki mmoja wao alale karibu na kondoo wake. Kasema "wake". Bado hajazaliwa hata mmoja.

Halafu kanyoosha mkono kwenye swichi mwenyewe, mchana, akaibonyeza juu na chini kujaribu.

"Miezi miwili nitaweza."

Papa Damaseni tumempoza. Nimemwambia ampuli imeungua na nyingine inatoka Kigali. Kaniangalia, kaangalia ampuli, kaondoka. Si mjinga yule mzee.

Jumamosi, 9 Mei

Ampuli imezimwa tangu siku ile. Edisa amekonda. Macho mekundu kama ya mtu wa moshi. Namuuliza, anasema ni mafua. Anakula wima. Analala mchana kidogo, ameegemea gunia.

Sipendi ninachokiona. Sijabadilisha kitu.

Jumatano, 17 Juni

Tungekuwa na alama sasa. Hata moja. Hakuna.

Leo nilikuwa nakagua ukurutu. Nimeweka pua kwenye manyoya ya jike kubwa, yananuka mafuta ya taa. Nimeangalia juu. Boriti ya zizi ina duara jeusi la masizi, nene, la wiki nyingi. Chini yake msumari.

Katadowa. Ndani ya zizi. Kila usiku, muda wote huu.

Nimepiga kelele. Nimesema mengi. Nimesema nimedanganya serikali kwa ajili yake. Na nimesema neno ambalo huku humwambii mtu: kwamba anakula kondoo wake mwenyewe, anamla kabla hajazaliwa. Uso wake ulifunga kama mlango. Akachukua ufagio.

Alhamisi, 18 Juni

Kaja asubuhi kunieleza, mimi sikuuliza. Kwamba siku tatu za mwanzo alivumilia. Ya nne hakusikia tena kama wanapumua. Masikio yalijaa vitu vingine. Akaingia na katadowa aone, akaona mbavu zao zinapanda na kushuka, akashindwa kuizima.

Kamwanga kadogo vile, pengine hakakuwa na neno. Pengine kalitosha. Kondoo anaona gizani kuliko sisi, na hakuna aliyenifundisha kiasi. Sijui. Ndilo neno linalonitafuna: sijui.

Nimewasha ampuli. Basi. Yaishe.

Jumatano, 15 Julai

Wanaume wawili wametoka Bugarama kuwatazama kondoo, Mesiye kawatuma. Watu wa adabu, kanzu safi. Wamebonyeza migongo, wamepima mafuta kwa vidole, wamesema watarudi kabla ya Krismasi. Mmoja kaniuliza kwa nini sisi hatuwali. Nimesema ndivyo tulivyokuta.

Walipoondoka, kamba haikuwa tena kwenye msumari. Edisa kaifungia mzigo wa kuni.

Jumanne, 4 Agosti

Vita. Ng'ambo. Bukavu tena.

Jana mlio wa bunduki ulivuka maji mchana kutwa. Dada yangu yuko kule, mtaa wa juu. Sina habari zake. Stima imekatika jana jioni, mji mzima, huku na kule. Nimezoea kutazama taa za Bukavu juu ya ziwa kabla ya kulala, zile za mlimani. Jana hapakuwa na mlima.

Asubuhi nimekuta Edisa amesimama chini ya ampuli iliyokufa. Amesimama tu. Katadowa yake mkononi.

Jumapili, 9 Agosti

Mpaka umefungwa. Mafuta ya taa yalikuwa yanatoka ng'ambo, sasa hayatoki. Bei imepanda mara tatu, halafu hakuna tena cha kupandia bei. Watu wanalala jua likizama.

Misa ilipotoka Edisa kanifuata. Katadowa imekauka tangu juzi. Kaniomba mafuta. Hajawahi kuniomba kitu chochote, hata chumvi.

Mimi ninalo dumu. Nililinunua Juni, limejaa, liko stoo ya kituo nyuma ya magunia ya chumvi.

"Hakuna, Edisa. Kwangu pia nakaa giza."

Kaitikia kwa kichwa. Kanishukuru, hata. Kaondoka na kopo lake tupu.

Niandike sababu, maana hakuna mwingine wa kumwandikia. Hili ndilo giza nililolitafuta tangu Februari. Si mimi niliyeleta vita. Sijazima kitu. Sijawasha tu. Miezi miwili, na Edisa atakuwa na kondoo wake, na wajane wote nyuma yake. Mwenyewe angechagua hivi kama angeweza kuchagua kwa akili tulivu. Nasema hivyo.

Jumapili, 16 Agosti

Dada yangu kafika, hai, na godoro kichwani na kuku mmoja. Tumelia. Tumemla kuku.

Nimewasha mshumaa wa kanisa nyumbani kwangu, madirisha nimefunga. Sijamwambia Edisa.

Alhamisi, 27 Agosti

Edisa kalisha kondoo mara mbili leo asubuhi. Hakukumbuka ya kwanza. Anaongea peke yake, taratibu, kwa sauti ya mtu anayewanyamazisha watoto.

Dada yangu kamwona njiani, kaniuliza yule mama ana nini. Nimesema homa. Dada kasema ile si homa. Nimemwambia ashughulike na virago vyake.

Nimeingia stoo mara mbili. Nimelishika dumu kwa mkono. Nimelirudisha.

Jumamosi, 5 Septemba

Jike kubwa anatikisa mkia. Bwana Harusi anamfuata, anakunja mdomo, ananusa. Bado kupanda. Lakini mlango unasogea. Niko sawa. Tangu Februari niko sawa.

Mwezi mmoja tu. Mmoja, Edisa.

Jumapili, 13 Septemba

Jana usiku bunduki zililia karibu, upande wetu wa maji. Asubuhi watu wa doria walimwita Edisa, hakuitika. Chumba kitupu. Papa Damaseni kanifuata mwenyewe.

Alikuwa zizini. Chini ya kondoo. Alijilaza kwenye kona akawavuta juu yake, sijui kwa nguvu gani, na wao walilala pale walipovutwa, wanyama wa ajabu, hawakusogea. Tuliwaondoa mmoja mmoja. Alikuwa macho wazi. Ngumi zake zilikuwa zimeshika manyoya, tulilazimika kukata manyoya kwa mkasi.

Hasemi. Hatujui kama anasikia. Wanaume wanne walimbeba kwa ingobyi, machela ya matete, hadi hospitali. Mmoja wao alikuwa wa wale asiotaka wamkaribie kondoo wake. Nilimwona akibeba upande wa kichwa, nikashindwa kumwambia aache.

Nimerudi kulisha. Nani mwingine atalisha.

Jumatatu, 14 Septemba

Nimelimwaga dumu. Hapana, si kweli. Nililifungua nikasimama nalo, halafu nikamimina mafuta kwenye taa na kwenye chupa, nikavipeleka hospitali, wao wana jenereta, hawakuhitaji. Muuguzi kanishangaa.

Edisa amelala chini ya taa inayowaka. Kaitazama tu.

Jumanne, 6 Oktoba

Alama.

Jike kubwa, mgongo mwekundu kuanzia mkia hadi katikati. Wengine watatu wana alama. Nyingine mbichi bado, ilinishika kidoleni.

Nilikuwa nadhani nitapiga vigelegele. Nilikaa juu ya ndoo. Bwana Harusi alikuwa amejikunja kivulini, amechoka, kifua chake hakina rangi tena. Nikamkorogea nyingine.

Jumapili, 18 Oktoba

Wote tisa. Migongo yote myekundu.

Nimemwandikia Mesiye Bernar. Nimeeleza giza, tezi, melatonini, miezi miwili. Nimeandika vizuri, mistari imenyooka. Nimeandika kwamba giza "lilipatikana kutokana na hali ya usalama". Barua yote ni ya kweli.

Masista wamemchukua Edisa. Hospitali ilisema hana kidonda. Wana nyumba hapa Gihundwe, chini kidogo ya barabara, na taa yao ya uani.

Jumamosi, 28 Novemba

Stima imerudi. Ampuli imewaka yenyewe mchana, hakuna aliyekuwa ameizima. Nimeiacha. Wenye mimba hawahitaji giza tena.

Rangi mpya migongoni hakuna, mimba zimeshika. Waislamu wa Bugarama nimewapelekea habari kwamba hatuuzi. Wamefurahi kwa ajili yetu, wametuma mchele.

Jumamosi, 6 Machi 1999

Jike kubwa kazaa alfajiri. Pacha. Dume na jike. Mtoto jike alitoka kwa miguu ya nyuma, nimemvuta mwenyewe, nimempulizia puani. Kapiga chafya juu yangu.

Wajane wamekuja wote na nguo za kanisani. Wameimba. Mwenyekiti wao kauliza sasa wa kwanza apewe nani, kwa kuwa Edisa hayuko sawa. Nimejibu kwa ukali hadi wakashtuka. Wa kwanza ni wa Edisa. Kura ilipigwa.

Mesiye anataka picha.

Jumapili, 14 Machi

Leo nimempeleka. Nimembeba mtoto wa kondoo kwa kitenge mgongoni, kichwa nje, watu wakinicheka barabara nzima. Kamba pia, na chupa ya maziwa ya mama yake. Niliikuta bado imefunga ule mzigo wa kuni, nikaifungua.

Masista walisema anaongea sasa, kidogo. Alikuwa kwenye benchi la uani, anachambua maharage. Amenenepa kidogo. Nilimwekea mtoto mapajani. Yeye hakumtazama uso. Aliweka kiganja ubavuni mwake, akakiacha pale muda mrefu, kinapanda na kushuka.

Halafu akasema, bila kuinua macho, sauti ya kawaida kabisa:

"Dumu ilikuwa nyuma ya chumvi."

Nikasema ndiyo.

"Ufunguo ya stoo ilikuwa kwangu."

Kweli. Yeye ndiye aliyekuwa anatoa chumvi kila siku. Nilikuwa nimesahau, au sikutaka kukumbuka. Nikamuuliza mbona hakuchukua.

"Ilikuwa yako. Nilikuwa nangojea weye ulete."

Hakusema kwa hasira. Ningependa iwe kwa hasira. Akaendelea kuchambua maharage kwa mkono mmoja, mwingine bado ubavuni.

Baadaye aliniuliza kama huyu naye, akikua, atataka giza. Ningeweza kumdanganya. Damu ni ile ile, baba na mama, hakuna tone la Kibibi ndani yake. Nikamwambia ndiyo. Bila giza hatazaa.

Akachukua kamba, akaifunga shingoni kwa mtoto, fundo la kulegea la vidole viwili, upande wa pili akaufunga kwenye mguu wa benchi, chini ya taa.

"Basi hatazaa," akasema.

Tulikaa. Nilimsaidia maharage hadi yakaisha. Sista alipita akawasha taa ya uani mapema, kama wanavyofanya kila siku kwa ajili yake, jua bado likiwa juu ya ziwa.